Kiwanda nacho kiambiwe kubana maji

Kila mgao wa maji unapotangazwa Dar es Salaam, wa kwanza kuambiwa abane matumizi ni mama mwenye ndoo. Tusioshe magari, tusimwagilie bustani, tufunge koki. Sawa, ingawa anayenunua maji kwa dumu hahitaji semina ya kubana matumizi. Tangazo ninalolisubiri mimi ni lile litakaloanza na viwanda.

Oktoba 2022, Mto Ruvu ulipopungua, uzalishaji wa DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, ulishuka kutoka takribani lita milioni 466 kwa siku hadi kama milioni 300, jiji likaanza kupokea maji kwa zamu. Mwezi uliofuata ukasainiwa mkataba wa Bwawa la Kidunda, litakalohifadhi lita bilioni 190. Bwawa tunalihitaji, sibishi. Ila bwawa linaongeza maji ya kuingia mjini tu. Yule anayeyatumia mara moja na kuyaachia mtaroni, halimgusi.

Chukua kiwanda cha soda. Chupa zinazorudi kutoka madukani huloweshwa kwenye maji ya moto yenye dawa kali, kisha husuuzwa mara kadhaa. Maji ya msuuzo wa mwisho hutoka karibu safi kama yalivyoingia. Yakivutwa na pampu yakasuuze chupa za nyuma ambazo bado zina uchafu, lita ileile imefanya kazi mara mbili, wala hakuna teknolojia ya ajabu hapo. Boila nalo ni hivyohivyo: mvuke ukishapoa huwa maji safi, tena yenye moto, na ukiyamwaga umemwaga pamoja na mafuta uliyochoma kuyapasha. Viwanda makini vinalijua hili siku nyingi. Kazi ngumu iko kwenye nguo, maana maji ya kutia rangi yamejaa chumvi na kemikali, na mitambo ya kuyachuja hadi yarudi kazini ni ghali kweli.

Basi kwa nini wengi hawajihangaishi? Ni hesabu tu. Mwenye kisima kirefu ndani ya ukuta wake akiona kuvuta lita mpya ni nafuu kuliko kusafisha iliyotumika, atavuta. Ningekuwa meneja wake ningevuta pia. Gharama inabaki kwa majirani, kwani ukanda wa pwani ukivutwa kupita kiasi chini ya ardhi, maji ya bahari hujipenyeza, na visima vya watu vinaanza kutoa chumvi.

Sheria haikosekani. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka kibali cha kutumia maji na kibali cha kutiririsha majitaka. Mimi ningeanzia kwenye kibali hichohicho. Kiwanda kikubwa kikija kuhuisha, kionyeshe mita za maji yanayoingia na yanayotoka, na kieleze kitarudisha kiasi gani kwenye matumizi. Anayevuta zaidi alipe zaidi kwa kila lita. Anayenunua mitambo ya kuchujia apunguziwe kodi. Wadogo wapewe muda. Tukiwabana siku moja na wakubwa tutawafunga bure.

Halafu kuna mabwawa ya majitaka ya Vingunguti, hapahapa Dar, jambo linaloniudhi kuliko yote. Magari ya kunyonya majitaka yanamwaga pale kwenye mabwawa, maji yanatulia, yanapungua makali, kisha yanaishia Mto Msimbazi. Na pale jirani tu kuna viwanda vinavyotafuta maji ya kupozea mitambo na kusafishia sakafu! Chennai, India, baada ya ukame wa 2019 kukausha mabwawa yao, walikuwa na mitambo miwili, Kodungaiyur na Koyambedu, kila mmoja wa kusafisha lita milioni 45 za majitaka kwa siku na kuviuzia viwanda. Windhoek, Namibia, wamekwenda mbali zaidi, majitaka yaliyosafishwa wanayanywa tangu 1968. Sisi hatuombi kuyanywa. Tunaomba yapoze mashine.

Najua nitakachoambiwa: mtambo wa kuyasafisha zaidi na bomba la pili ni pesa nyingi. Ni nyingi. Lakini wateja wenyewe wamejipanga kando ya Barabara ya Nyerere, wananunua kila siku, na kiwanda kimoja kikiacha maji ya Ruvu kinaachia mitaa mizima. DAWASA wayauze, EWURA, wadhibiti wa huduma za maji na nishati, wapange bei iliyo chini ya ile ya maji ya kunywa, na wa kwanza kuunganishwa wawe wale wenye matumizi makubwa kuliko wote.