Ufadhili wa utangazaji unapatikana kwa sampuli, si kwa insha

Wanafunzi wengi wa uandishi wa habari wa redio na televisheni wanapoomba ufadhili wa masomo, nguvu zote huishia kwenye insha. Ndoto zinapigwa msasa wiki nzima, kisha usiku wa mwisho inatafutwa klipu yoyote ya kuambatisha. (Ufadhili unaoangalia kipato cha familia una mambo yake, nazungumzia ule unaodai sampuli ya kazi.)

Kwanza masharti. Ufadhili wa Jim McKay unaotolewa na NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, ni wa masomo ya uzamili katika mawasiliano ya michezo. Mwanafunzi wa mwaka wa pili wa shahada ya kwanza akiuomba, anajichosha bure.

Sasa sampuli. Usiifungue kwa muziki na jina lako linalozunguka. Mwenye maombi mengi mezani hana subira hiyo. Tanguliza ripoti yako bora, hata dakika moja na nusu inatosha, yenye sauti za watu wawili au watatu. Mmoja wao awe ni mtu ambaye jambo lenyewe limemgusa. Ripoti ya maofisa peke yao inanuka taarifa kwa vyombo vya habari.

Kinachoangusha wengi ni sauti. Simu ikiwa mita mbili kutoka kwa msemaji inaokota mwangwi wa chumba, na mwangwi huo ni vigumu mno kuuondoa wakati wa kuhariri. Sogeza maikrofoni hadi shubiri moja, pembeni kidogo ya mdomo, ili p na b zisipige kishindo. Vilele vya sauti kwenye kipimo cha kurekodia vikae karibu na desibeli -12. Vikigonga 0 sauti inapasuka, na iliyopasuka haishoneki vizuri.

Kazi ya kikundi? Andika wazi ulichofanya wewe: kuhoji, kupiga picha au kuhariri. Kiungo cha mtandaoni cha sampuli yako kijaribu kwenye simu ya mtu mwingine. Kikidai ruhusa, kamati haitakuandikia kuiomba.

Mhadhiri mwombe barua mwezi mmoja kabla, ukimpa masharti na ripoti yako. "Ana bidii" haisaidii kitu. "Alirudi kuthibitisha takwimu kabla ya kwenda hewani" inasaidia.

Ukipata, uliza mapema ofisi ya fedha ya chuo: vyuo vingine hupunguza msaada wao pesa ya nje ikiingia. Uliza pia kama malipo ya muhula wa pili yanategemea alama za wa kwanza.