Jecoke: wapiga gita au wachekeshaji?

Kwanza niondoe mkanganyiko kwa msomaji wa Nairobi: Kenya ninayoitaja hapa si nchi. Ni komini, yaani mtaa mkubwa wenye utawala wake, ya mji wa Lubumbashi huko Kongo, mojawapo ya zile zilizojaa watu tangu enzi za Wabelgiji, mji ulipokuwa bado ukiitwa Élisabethville. Ndiyo iliyo kwenye silabi ya mwisho ya Jecoke: Jeunes Comiques de la Kenya, Vijana Wachekeshaji wa Kenya. Kikundi hicho cha miaka ya 1950 kiliimba, kikacheza ngoma na kuigiza vichekesho katika onyesho lile lile. Ubishi unaorudi kila wazee wanapokutana ni mmoja: tukisimulia historia yao, tuwaweke kwenye muziki au kwenye vichekesho?

Nimeusikia ubishi huo safari nyingi, wa mwisho ukiwa kwenye kilio (matanga) kimoja huko Kenya, usiku, watu wameketi kwenye viti vya kukodi. Kijana mpiga gita alisema ni aibu kwamba watu wa ukubwa ule bado wanaitwa "wachekeshaji".

Ana hoja. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika kurekodi nyimbo, alimkuta mpiga gita Mwenda Jean Bosco huko Jadotville, Likasi ya leo, akamrekodi. Namna ile ya kudonoa nyuzi kwa kidole gumba na cha shahada ikavuka mipaka. Edouard Masengo, ndugu wa Mwenda na mwenyewe aliyepitia Jecoke, alikwenda kufanya kazi Nairobi na huko akapata jina lake mwenyewe. Hadi leo wapo Wazungu wanaokaa na santuri hizo nota kwa nota wakitafuta vidole vilipita wapi. Mtu aliyefanya hivyo, kijana yule aliuliza, unamwitaje mchekeshaji?

Ana hoja nyingine nzito zaidi, na hii sikuweza kumjibu papo hapo. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1920, Union Minière, kampuni ya Wabelgiji ya kuchimba shaba, iliamua kwamba inapata faida zaidi kwa mfanyakazi anayekaa kambini na mkewe na watoto kuliko yule wa kuja na kuondoka. Burudani ikawa sehemu ya mpango. Anayecheka Jumapili hagomi Jumatatu, ndivyo mabwana walivyotarajia. Vichekesho vya wakati ule vilijaa mafundisho: usilewe, usimpige mke, usipoteze mshahara. Kwa mtazamo huo, jina "comiques" ni kibandiko alichobandikwa Mwafrika ili asichukuliwe kwa uzito.

Upande wa pili ulitetewa na mzee mmoja aliyekuwa ameshika gita lenye nyuzi tano, ya sita imekatika zamani. Pembeni yake mjukuu alikuwa akigonga chupa tupu ya Fanta kwa kijiko, kama ilivyozoeleka katika muziki huu. Mzee hakupandisha sauti. "Mutoto, bantu balikuwa banakuya juu ya kucheka. Gita njo ilikuwa ya kubaita tu." Yaani watu walikuja kucheka; gita ndilo lilikuwa la kuwaita tu.

Na swali la nani alikuwa anachekwa halina jibu jepesi. Mzee alitaja waliokuwa wakiigwa: kapita, yaani msimamizi wa wafanyakazi, anayefoka kuliko Mzungu mwenyewe, karani wa tai anayevunja Kifaransa mbele ya watu wasiokijua. Kumwiga kapita mbele ya wafanyakazi wake si kutii mpango wa kampuni. Labda ni vyote viwili kwa pamoja. Kicheko hakina utii wa upande mmoja.

Ushahidi mzuri zaidi ninaoujua unatoka kwa jirani zao wa jukwaani, kikundi cha Mufwankolo, kilichoingia katika kila nyumba ya Lubumbashi kwa redio na baadaye televisheni. Mufwankolo lilikuwa jina la jukwaani la kiongozi wao, Odilon Kyembe. Hawa hawakuwa na maandishi ya kukariri. Walikubaliana kisa, wakagawana nafasi, kila mmoja akatafuta maneno yake katika Kiswahili cha hapa hapa, kile ambacho watu wa pwani hukiona kimepinda. Mwaka 1986, Mobutu akiwa kileleni, waliigiza mchezo uliojengwa juu ya msemo kwamba utawala huliwa mzima. Uliwekwa kijijini, una chifu, una fujo. Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyekuwepo, aliuandika katika kitabu kilichotoka 1990. Je, msemo huo unamsifu mtawala asiyegawana au unamshtaki? Waigizaji wenyewe waliujadili. Nadhani mchezo ule usingepita kama jibu lingekuwa wazi.

Sasa niseme ninapoegemea. Nampa kijana haki yake juu ya kampuni, lakini nadhani amesahau kitu kimoja kidogo cha ufundi: santuri ya wakati ule ilibeba kama dakika tatu kila upande. Wimbo wa gita unaingia humo bila shida. Mwendo wa kapita mlevi, kofia inayoanguka mara tatu, ukimya kabla ya neno la mwisho, haviingii. Kwa hiyo tunawaita wanamuziki kwa sababu muziki ndio uliobaki. Hata Mufwankolo tusingemjua vizuri hivyo bila mtu kukaa na kuandika kila neno. Jecoke hawakupata mtu wa kuwafanyia hivyo kwa vichekesho vyao, na pengo hilo si hukumu juu ya walivyokuwa.

Usiku ule nilirekodi kwa simu, nikiwa nimeiweka mfukoni. Nilipofika nyumbani nikasikiliza. Gita linasikika safi, chupa nayo. Kisha mzee anaacha kupiga, kiti kinakwaruza sakafu, na kwa karibu dakika mbili hakuna neno hata moja, ila watu wanacheka, wanatulia, wanacheka tena, mama mmoja anapiga makofi akisema "njo yeye! njo yeye!", yaani ndiye yeye Nimeisikiliza mara nne. Mimi nilikuwepo, na tayari nimeanza kusahau alifanya nini.