Bei ileile, saa pungufu: Apple, Masimo na mnunuzi

Kuanzia Januari 2024, aliyenunua Apple Watch Series 9 mpya Marekani alilipa bei ileile, kuanzia dola 399, akapata saa pungufu. Alama ya kupima oksijeni kwenye damu ilikuwapo kwenye kioo, ila akiigusa anaambiwa huduma hiyo haipatikani tena. Taa zinazomulika ngozi zilibaki palepale mgongoni mwa saa. Kilichozimwa ni programu. Iliyonunuliwa Dubai iliendelea kupima, kwa hiyo mtu wa Dar es Salaam aliyeletewa saa kama zawadi ilibidi aulize imetoka nchi gani.

Chanzo ni Masimo, kampuni ya California inayotengeneza vipima oksijeni vya hospitalini, vile vinavyobanwa kidoleni. Ilidai Apple ilichukua wafanyakazi wake, kisha ikatumia uvumbuzi unaolindwa na hataza zake, yaani haki za kisheria za mvumbuzi kuzuia wengine wasiutumie. Oktoba 2023 Tume ya Biashara ya Kimataifa ya Marekani iliipa ushindi na kuamuru saa zenye teknolojia hiyo zisiingizwe nchini. Ili iendelee kuuza, Apple ikazima kipimo.

Kwa hilo niko upande wa Masimo. Kampuni tajiri kama Apple ikijua kwamba adhabu kubwa ni kulipa fidia miaka mingi baadaye, itachukua kwanza na kujadili bei mahakamani. Marufuku ndiyo inayoishtua. Na Apple nayo iliishtaki Masimo kwamba saa yake imeiga umbo la Apple Watch. Oktoba 2024 baraza la wazee wa mahakama liliipa Apple dola 250. Si milioni, ni dola 250.

Tatizo langu ni silaha yenyewe. Tume haina mamlaka ya kuamuru fidia. Inachoweza ni kuzuia bidhaa mpakani. Mahakama za kawaida, tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani wa 2006 katika kesi ya eBay, soko la mtandaoni, hazitoi zuio mpaka mwenye hataza aonyeshe kwamba fedha hazitamtosha na kwamba umma hautadhurika. Tume haifungwi na kipimo hicho. Sheria inaitaka itazame masilahi ya umma, lakini ni nadra sana masilahi hayo kuizuia, na wenye hataza wanalijua hilo.

Agosti 2025 Apple ilirudisha huduma kwa njia ya kuzunguka: saa inakusanya vipimo, hesabu inafanywa na iPhone. Novemba mwaka huohuo, katika kesi ya hataza nyingine, baraza la wazee wa mahakama la California liliamua Masimo ilipwe dola milioni 634, na Apple ikasema itakata rufaa. Fedha hizo, zikilipwa, ni za Masimo. Mnunuzi wa miezi ile zaidi ya 18 hana fungu lolote humo. Apple ilimtaarifu kwenye tovuti kwamba kipimo hakipo, na kisheria huenda hilo linatosha. Kwangu halitoshi: aliyeondoa kitu kwenye bidhaa ili aendelee kuiuza alipaswa kuondoa na thamani yake kwenye bei, tangu siku ya kwanza.