Kelele za Ubao

Nikiri kwanza: siku ya kwanza kuwasikia vijana wa skeitibodi, ule ubao wa magurudumu manne unaopandwa kwa kusimama, niliukumbatia mkoba wangu. Ilikuwa Jumapili jioni katikati ya Nairobi, nje ya jengo la ofisi lililofungwa. Vijana wanne wenye suruali zilizotoboka magotini, na ile kelele ya magurudumu juu ya vigae, utadhani mtu anaburura mabati. Mlinzi akatoka mbio na rungu: "Tokeni hapo, machokoraa nyinyi!" Mmoja akatia skeitibodi yake kwapani. "Sawa, mkubwa," akajibu kwa adabu, wakavuka barabara.

Kabla ya hapo nilikuwa nikimtazama mdogo wao akijaribu kuruka ngazi tatu. Akaanguka. Akainuka, akazungusha gurudumu moja kwa kidole, akarudi nyuma. Akaanguka tena. Nilihesabu mara kumi na moja, nikachoka mimi. Mtoto akirudia hesabu namna hiyo, tunamwita mwenye bidii.

Si kwamba tunawasingizia kila kitu. Hupaka nta kwenye kingo za viti vya zege ili ubao uteleze, na kingo hizo hubaki nyeusi, zimemeguka. Mimi mwenyewe ubao uliomponyoka mmoja wao ulinigonga ugoko, acha kabisa. Ila sidhani hasira yetu inatokana na zege. Nadhani inatuuma kuona vijana wakikaa mahali kwa muda wa saa tatu bila kununua hata soda.

Philadelphia, kule Marekani, walilionyesha jambo hili waziwazi. Uwanja wa LOVE Park ulijulikana duniani kwa wapanda ubao, kwa ajili ya mawe yake laini na ngazi zake. Mwaka 2001 na 2002 jiji lilikaribisha X Games, mashindano makubwa ya michezo ya kuthubutu, ukiwemo huu wa ubao; kamera zikaja, wageni wakaja. Miaka hiyohiyo vijana waliozoea kupanda ubao uwanjani hapo walikuwa wakifukuzwa na polisi, na mwaka 2002 uwanja ukakarabatiwa kwa namna ya kuwazuia. Baadaye kampuni ya viatu ya DC Shoes iliahidi dola milioni 1 ili waruhusiwe tena. Meya akakataa.

Anayenifurahisha katika kisa hiki ni mzee Edmund Bacon, mpangaji miji ambaye wazo la uwanja ule lilikuwa lake. Oktoba 2002, akiwa na miaka 92, alipanda ubao palepale huku akishikiliwa asianguke, kupinga marufuku. Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kulilia mawe yale, ni yeye.

Siku hizi naambiwa mambo yamebadilika: katika Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika 2021, Momiji Nishiya wa Japani alitwaa dhahabu ya mchezo huu wa ubao akiwa na miaka 13. Vizuri. Mlinzi wa jengo lile hajapata habari.

Jumapili iliyopita nilipita tena. Kingo za ngazi zimepigiliwa vyuma vya kuzuia ubao. Vijana wako ng'ambo, kwenye maegesho matupu, na yule mdogo amepanga kreti mbili za soda. Anarudi nyuma.