Saa 20 za mwanafunzi wa kigeni: nani abebe adhabu ya saa ya 21?

Mwanafunzi wa kigeni aliye Marekani kwa viza ya F-1 anaruhusiwa kufanya kazi saa 20 kwa wiki muhula unapoendelea, tena ndani ya chuo chake: maktaba, bwalo la chakula, maabara, mapokezi ya bweni. Kima cha chini cha mshahara cha serikali kuu ni dola 7.25 kwa saa, na hakijapanda tangu 2009. Tupige hesabu. Saa 20 ni dola 145 kwa wiki kabla ya makato, na muhula wa wiki 15 unaishia dola 2,175. Majimbo mengi yana kima cha juu zaidi, lakini hata ukizidisha mara mbili hujafika kwenye karo. Hapo umepata chakula, nauli na bili ya simu.

Sheria inalijua hilo. Kabla ya chuo kumpa mwanafunzi fomu ya I-20 anayokwenda nayo ubalozini, sharti aonyeshe fedha za kumtosha mwaka wa kwanza, na kibarua anachotarajia kukipata baadaye hakihesabiwi. Kazi ya nje ya chuo kwa kawaida haiguswi mwaka wa kwanza wa masomo. Baada ya hapo inawezekana kwa njia chache zenye masharti, mfano mtu akipatwa na dhiki ya kifedha ambayo hakuitarajia, au kazi ikiwa sehemu ya mtaala wake.

Nimesoma mabishano mengi kuhusu kikomo hiki, na karibu yote yanazunguka idadi ya saa: ziwe 20, 24, 30, au kikomo kiondolewe. Naona tunabishania pasipo na tatizo. Kinachoumiza watu ni adhabu ya kukivuka kikomo na bega ambalo sheria imelitwisha.

Wanaotetea kikomo wana hoja nzito, na sipendi zinavyopuuzwa. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza mwenye F-1 lazima abebe angalau krediti 12, yaani vipimo vya mzigo wa masomo, kila muhula. Anayetoka zamu ya usiku alfajiri na kuingia darasani saa mbili asubuhi hataubeba mzigo huo muda mrefu, na akianguka anapoteza karo ambayo pengine ukoo mzima ulichangia. Kuna pia suala la udanganyifu, nalo si la kubuni. Mwaka 2011 maofisa wa uhamiaji walivamia chuo kilichoitwa Tri-Valley University, huko Pleasanton, California. Mamia ya watu walikuwa wamesajiliwa pale kwa jina tu, wakilipa ada ili wapate karatasi za kukaa na kufanya kazi. Mwenye chuo alihukumiwa mwaka 2014 kifungo cha zaidi ya miaka 16. Viza ya masomo isiyo na mpaka wowote wa kazi huzaa vyuo vya namna hiyo, na kila kimoja kikifichuliwa, mwanafunzi halali anayefika dirishani ubalozini anatazamwa kwa shaka zaidi. Nakumbuka pia kwamba baadhi ya wanafunzi wa Tri-Valley, ambao wengine walidai walitapeliwa, walifungwa vifaa vya kufuatilia nyendo zao miguuni. Picha hiyo haijanitoka.

Ila ikiwa kikomo kipo kwa ajili ya masomo peke yake, yaliyotokea Australia na Kanada baada ya janga la korona hayaelezeki. Australia ilikuwa na kikomo cha saa 40 kwa kila wiki mbili. Januari 2022 ikakisimamisha, wanafunzi wakafanya kazi saa wanazotaka, hadi Julai 2023 kiliporudishwa kikiwa saa 48. Kanada ilifanya vivyo hivyo kwa kazi za nje ya chuo: iliondoa kikomo cha saa 20 kwa wanafunzi wengi Novemba 2022, ikakirudisha mwisho wa Aprili 2024, na Novemba mwaka huo ikakipandisha hadi saa 24 kwa wiki. Serikali zote mbili zilisema waziwazi kuwa sababu ni uhaba wa wafanyakazi. Mitihani haikuwa imepungua ugumu miezi ile. Wahenga walisema mgeni ni siku mbili, ya tatu apewe jembe. Nchi hizi zilimpa mgeni jembe pale shamba lilipokosa watu, kisha zikamnyang'anya msimu ulipopita. Sisemi ni dhambi kwa serikali kuangalia soko lake la ajira. Nasema basi tusiambiwe kwamba kila saa iliyokatwa imekatwa kwa kumwonea mwanafunzi huruma.

Australia hiyohiyo ndiyo iliyotupa somo kubwa kuliko yote. Mwaka 2015 ilifichuka kwamba wamiliki wengi wa maduka ya 7-Eleven nchini humo walikuwa wakiwapunja wafanyakazi wao, wengi wakiwa wanafunzi wa kigeni. Mbinu ilikuwa nyepesi. Mwanafunzi anafanya saa 40 kwa wiki, vitabu vinaandika 20, na analipwa hizo 20. Kwa mkaguzi kila kitu ni safi: kiwango cha malipo ni halali, na saa ziko ndani ya masharti ya viza. Mwanafunzi mwenyewe anajua amelipwa nusu. Akilalamika, anajibiwa kwamba amevunja masharti ya viza yake kwa kuzidisha saa, na uhamiaji watapigiwa simu.

Kanuni iliyoandikwa ili imkinge mwanafunzi ikawa kitanzi, na aliyeshika kamba ni mwajiri. Tena kadiri mwanafunzi alivyofanya kazi zaidi ndivyo alivyozidi kukosa pa kukimbilia, kwa sababu kila saa ya ziada ilikuwa ushahidi dhidi yake. Kampuni hatimaye ilirejesha zaidi ya dola milioni 150 za Australia kwa wafanyakazi. Fedha hizo zisingetoka kama watu wachache wasingejitokeza huku wakijua viza zao ziko hatarini.

Kwa Marekani, tazama mizani ilivyo. Mwajiri anayemwajiri mtu asiye na kibali, chini ya sheria ya 1986, hutozwa faini ya dola mia kadhaa hadi elfu kadhaa kwa mfanyakazi mmoja likiwa kosa la kwanza. Anailipa na duka linafunguliwa kesho yake. Mwanafunzi aliyefanya kazi bila idhini anapoteza hadhi yake ya F-1, na mlango wa kuirejesha umefungwa. Kanuni za uhamiaji zinamruhusu aliyepoteza hadhi kwa sababu nyingine, kama vile kupunguza krediti bila idhini, kuomba arejeshewe ikiwa masharti mengine yametimia. Mojawapo ya masharti hayo ni kwamba hajawahi kufanya kazi isiyoruhusiwa. Ukiugua ukashindwa kubeba masomo, unaweza kusamehewa. Ukiuza dukani jioni tatu ili ulipe kodi ya chumba, huna njia hiyo.

Mtetezi wa kanuni atauliza: bila adhabu kali, nani atatii? Swali lake ni la haki. Lakini adhabu inayomwangukia mfanyakazi peke yake haipunguzi kazi za magendo, maana mwenye faida ni mwajiri, naye haogopi. Sheria ya kima cha chini ya Marekani haimuulizi mtu viza yake, kwa hiyo saa zilizokwisha kufanywa zinadaiwa hata kama hazikuruhusiwa. Haki hiyo ipo vitabuni. Wanaothubutu kuidai ni wachache, kwa kuwa kuidai ni kukiri.

Baada ya mahafali mjadala unabadilika, na huku nakiri pande zote mbili zimeshika ukweli mwingi. Mhitimu wa F-1 anaweza kuomba miezi 12 ya mafunzo kazini, yale yanayoitwa OPT, na waliosoma sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati wanaweza kuongezewa miezi 24 tangu kanuni ya 2016. Chama kimoja cha wafanyakazi wa teknolojia kiliupinga mpango huo mahakamani, kikidai kwamba Bunge halikuwahi kuupitisha na kwamba unawabana wenyeji. Mahakama ya rufaa ya Washington iliubariki mwaka 2022, na mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ikakataa kuisikiliza kesi.

Kushindwa kwao mahakamani hakuifuti hoja yao kuhusu fedha. Wanafunzi wa F-1 kwa kawaida hawakatwi kodi za hifadhi ya jamii na bima ya afya ya wazee katika miaka 5 ya kwanza ya kalenda, na msamaha huo unaendelea wakiwa kwenye OPT. Mwajiri naye halipi upande wake, asilimia 7.65 ya mshahara. Mhitimu mwenyeji na mhitimu mgeni wanaosubiri usaili kwenye benchi moja, mmoja ni nafuu kuliko mwingine hata kabla hajafungua mdomo. Hilo haliko sawa kwa mwenyeji, na sisi tunaowatetea wanafunzi wa kigeni tulitakiwa kuwa wa kwanza kulisema. Suluhisho lipo na si kuifuta OPT: mwajiri alipe asilimia zake kwa wote. Kuhusu makato ya mwanafunzi mwenyewe nasita, kwa sababu atachangia mfuko ambao huenda asifaidike nao kamwe.

Upande wa pili kuna saa nyingine inayohesabu. Mhitimu aliye kwenye OPT ya kawaida haruhusiwi kukaa bila kazi zaidi ya siku 90 kwa jumla. Kazi ya kujitolea isiyo na malipo, ya angalau saa 20 kwa wiki na isiyovunja sheria za kazi, inahesabiwa kuwa kazi. Matokeo yake ni rahisi kuyaona. Siku ya 80 ikifika, mhandisi mwenye shahada anapokea nafasi ya bure ili kusimamisha hesabu, na atakayempa nafasi hiyo anajua fika kwamba mgombea wake hana muda wa kujadiliana. Ni kitanzi cha 7-Eleven kimerudi, safari hii kimevaa suti.

Yote haya yanakaa juu ya mkanganyiko ambao sheria imeuacha bila kuutatua. Dirishani ubalozini, kifungu cha 214(b) cha sheria ya uhamiaji kinamtaka ofisa amdhanie kila mwombaji kuwa ana nia ya kuhamia, mpaka mwombaji amshawishi vinginevyo. Kijana wa miaka 18 anaeleza kwa dakika chache kwamba atarudi. Miaka minne baadaye nchi ileile inamfungulia OPT, na mwajiri akimpenda anamwingiza kwenye bahati nasibu ya H-1B, viza ya kazi ya wataalamu, yenye nafasi 85,000 kwa mwaka. Alisema ukweli siku ile au hakusema? Mara nyingi alisema ukweli, kisha maisha yakasogea. Agosti 2025 Wizara ya Usalama wa Ndani ilipendekeza kumpimia mwanafunzi muda wa kukaa usiozidi miaka 4, badala ya utaratibu wa kukaa mpaka masomo yaishe. Wenye pendekezo wanataja udhibiti. Ninachokiona mimi ni ofisi moja zaidi ya kuiogopa katikati ya shahada ya uzamivu, na mtu mwenye hofu nyingi ndiye rahisi kuminywa mshahara.

Australia angalau imeanza kukikata kitanzi chake. Mkaguzi wa kazi na wizara ya uhamiaji walikubaliana kwamba mwenye viza anayetoa taarifa za unyonyaji na kushirikiana kwa kawaida hatafutiwa viza. Tangu Julai 2024 kuna pia viza ya muda mfupi, iliyoanza kwa majaribio, inayomwezesha kubaki nchini akifuatilia madai yake. Kikomo cha saa 48 hakikuguswa, na mwanafunzi bado anatakiwa kukitii. Kilichobadilika ni nani anaogopa simu ikipigwa. Marekani inaweza kufanya hivyo bila kuongeza saa hata moja, na inaweza kuacha kumfungia mlango wa kurejeshewa hadhi yule ambaye kazi yake isiyoruhusiwa ilitokana na mwajiri aliyeghushi vitabu.

Kwa aliye kazini leo, akisubiri mabadiliko ambayo huenda yasimkute: kaa ndani ya saa zako 20, na kila zamu iandike mwenyewe, tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, kwenye daftari lisilokaa dukani. Tangu 1946 Mahakama ya Juu ya Marekani imeshikilia kwamba kumbukumbu za mwajiri zisipoaminika, mfanyakazi anaweza kujenga dai lake kwa ushahidi wa busara wa saa alizofanya, na hapo ni mwajiri atakayetakiwa kuukanusha.