Ghala letu lina popo, ukumbi wao una wanachama

Nianze na jambo litakalowaudhi baadhi ya wenzangu tulio ughaibuni. Kwa habari ya kijiji kumiliki mali yake, sheria ya Tanzania iko mbele ya sheria ya huku Uskoti. Kijiji cha kwetu kinatambuliwa kuwa chombo kamili na sheria ya serikali za mitaa ya 1982. Halmashauri ya kijiji inaweza kushtaki, kushtakiwa, kuingia mkataba na kumiliki mali kwa jina lake. Mwaka 1999 ikaja Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5, ikaikabidhi halmashauri hiyo usimamizi wa ardhi kwa niaba ya wanakijiji, na ikaizuia kugawa hata kipande bila mkutano mkuu kuridhia. Ndiyo, ardhi yote ya nchi iko chini ya Rais kama mdhamini, na najua pia maneno "manufaa ya umma" yanavyoweza kumng'oa mtu shambani kwake. Lakini angalia huku. Kijiji cha Uskoti hakina mwenyekiti, hakina mtendaji, hakina hata mhuri. Serikali iliyo karibu kabisa na mwananchi ni halmashauri ambayo makao yake makuu, ukikaa kwenye baadhi ya visiwa, ni safari ya kivuko na basi. Na katika ardhi ya mashambani iliyo mikononi mwa watu binafsi, nusu yake ni ya wamiliki wasiofika 500.

Sasa ajabu ni hii. Wao wasio na kijiji kisheria wanakabidhiwa majengo na ardhi ya serikali: kumbi, shule zilizofungwa, viwanja vya michezo, misitu, hadi vyoo vya umma. Sisi wenye kijiji chenye mhuri tunapita mbele ya ghala la pamba lililojengwa kwa mawe waliyosomba babu zetu, na limefungwa tangu nikiwa shule ya msingi. Lina kufuli mbili. Moja inasemekana ni ya chama cha msingi cha ushirika, nyingine ya halmashauri ya wilaya, na hajapata kuonekana mtu mwenye funguo zote mbili kwa siku moja. Ndani, ukichungulia kwenye tundu la lango, kuna mizani ya zamani, magunia yaliyooza na popo. Siku ya huduma ya mkoba, akina mama wanapima watoto uzito chini ya mwembe, mzani umening'inizwa kwenye tawi, hatua chache kutoka kwenye jengo lenye paa na sakafu ya saruji. Mvua ikianza, wanakimbilia kujibanza kwenye baraza la ghala wakiwa wamelipa mgongo lango.

Wazee hawakulala. Shida ni kwamba karatasi za jengo zilihama mara nyingi kuliko watu. Ushirika ulivunjwa 1976, mali zikaenda kwa mamlaka za mazao. Vyama vikarudishwa kwa sheria ya 1982. Likaja soko huria la miaka ya 1990, wanunuzi binafsi wakaingia, vyama vingi vikazama kwenye madeni. Ukiuliza leo ghala ni la nani utapata majibu manne, na kila anayejibu ana uhakika. Kijiji kiliandika barua wilayani, kikajibiwa kuwa suala linafanyiwa kazi. Afisa aliyejibu akahamishwa. Aliyekuja akaomba waandike upya, maana jalada halikuonekana. Wakaandika upya, wakaambatanisha muhtasari wa mkutano mkuu wenye saini za wahudhuriaji wote, na mpaka leo suala bado linafanyiwa kazi. Hakuna aliyekataa. Angekataa mtu, tungejua pa kuanzia.

Huku Uskoti walilitazama tatizo hilohilo wakaliwekea saa. Sheria yao ya kuwezesha jamii ilipitishwa 2015, na sehemu inayohusu kukabidhi mali za umma ikaanza kutumika Januari 2017. Taasisi za umma, kuanzia halmashauri na bodi za afya hadi wanaosimamia misitu, zinatakiwa kuweka hadharani orodha ya ardhi na majengo yao. Watu wa eneo wanaunda chombo chao chenye katiba. Wakitaka kumiliki kabisa, wanachama wasipungue 20. Wanapeleka ombi: tunataka jengo hili, kununua au kupanga, tutalipa kiasi hiki, tutalifanyia kazi hii. Bei wanaitaja wao, na inaweza kuwa chini ya bei ya soko wakionyesha faida itakayopatikana kwa watu. Ombi likishapokelewa rasmi, jengo halitakiwi kuuzwa kwa mwingine mpaka liamuliwe. Jibu litoke ndani ya miezi 6, isipokuwa pande zote zikubaliane kuongeza muda. Taasisi inatakiwa kukubali. Ikikataa, iwe na sababu za msingi na izieleze kwa maandishi. Ikikaa kimya muda ukapita, kimya hicho kinahesabika kuwa ni kukataa, na kukataliwa kunakatiwa rufaa.

Hicho kifungu cha kimya nilipokielewa nilicheka peke yangu jikoni. Fikiria ofisi zetu zingebanwa nacho. Nusu ya utawala wetu umejengwa juu ya kutojibu.

Mji mdogo ninaoishi una ukumbi ulioachwa na halmashauri, na sasa ni wa chombo cha wakazi. Uanachama ni pauni moja, na sharti kubwa ni kuishi eneo hili. Mimi niliyekuja na begi moja nina kura sawasawa na yule ambaye babu yake alizikwa kwenye makaburi ya hapo mlimani. Msidhani vikao ni vitamu. Kikao kimoja kiliisha chote kwenye boila, mtambo wa kupasha jengo joto. Fundi bomba mstaafu alikuwa amelala chini yake asubuhi nzima, akaja na ripoti aliyoiandika kwa penseli nyuma ya bahasha, akaisoma mstari kwa mstari: bomba hili limechoka, vali hii ilifungwa kinyume, pampu itakufa kabla ya Krismasi. Hapo wakaanza kubishana kama wapandishe kodi kwa kikundi cha mazoezi ya viungo ili chakula cha mchana cha wazee kibaki kwa bei ileile. Mama mmoja akatoka nje amekasirika, akarudi na chai. Mweka hazina alikuwa amegawa hesabu za mwezi kwa kila aliyekuwepo, hata mimi mgeni, hadi risiti ya sabuni ya sakafu. Hapo ndipo nilipowaonea wivu. Jengo lenyewe ni baya kuliko ghala letu.

Mfano mkubwa wanaopenda kuutaja ni kisiwa cha Eigg. Kilikuwa mali ya mtu mmoja, anauziwa mwingine, kijiji kizima kikisubiri kujua mwenye nyumba mpya ana tabia gani. Mwaka 1997 wakazi, wasiofika mia, wakishirikiana na halmashauri ya jimbo lao na shirika la uhifadhi, walichangisha pauni milioni 1.5 wakakinunua. Mwaka 2008 wakawasha umeme wao wenyewe wa maji, upepo na jua, maana waya wa gridi haukuwa umewafikia. Kila nyumba ina kikomo cha kilowati 5, uwe na nyumba kubwa au kibanda. Hilo la kikomo ndilo linaloniambia kuwa umiliki ni wao kweli. Shirika la umeme likituwekea kikomo sisi, tungelia kuwa tunaonewa. Wao walijiwekea, wanajua kwa nini, na anayezidisha anajulikana kwa jina.

Lakini msinunue habari nzima bila kupekua. Halmashauri nyingi za huku zina ukata, na wakati mwingine kukabidhi ni namna ya kutua mzigo mlangoni kwa wananchi. Jengo lenye paa zima na mapato halitolewi kwa furaha. Linalovuja linatolewa hadi na pongezi. Choo cha umma ambacho halmashauri ilikuwa inakisafisha kwa kodi zetu, sasa kinasafishwa na mzee wa kujitolea, na kodi haijapungua. Mji wenye wanasheria na wahasibu waliostaafu unaandika ombi zuri na kupata ruzuku ya mfuko wa ardhi. Mtaa wa watu wanaofanya kazi za zamu mbili hauna wa kukaa kwenye vikao. Hili wapenzi wa mfumo huu hawalisemi sana, na lingetuuma zaidi sisi, ambako kijiji kimoja kina mbunge aliyezaliwa hapo na kingine hakina hata barabara.

Kuna atakayesema kwetu haiwezekani, watu watakula. Basi na tuongee juu ya Babati, kaskazini mwa Tanzania. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilikuwa imeshaanza kupima mipaka ya msitu wa miombo wa Duru-Haitemba ili iufanye hifadhi yake. Wanakijiji waliposikia, wapo waliokimbilia kukata kabla haujachukuliwa, jambo ambalo binadamu yeyote angelifanya. Yakafanyika mazungumzo, mpango wa hifadhi ukasimamishwa, na vijiji vinavyouzunguka vikaachiwa kila kimoja kipande chake. Vikatunga sheria ndogo, vikachagua walinzi wao, vikaamua wapi ng'ombe wapite, wapi nyuki wakae na nani atozwe faini. Msitu ukaanza kupumua. Uzoefu wa huko ni miongoni mwa mambo yaliyoonyesha njia kabla Sheria ya Misitu ya 2002 haijaruhusu vijiji nchini kutenga misitu yao na kuisimamia. Hawakuletewa mtaalamu kutoka Uskoti, na haya yalitokea kabla watu wa Eigg hawajanunua kisiwa chao.

Kwa hiyo uwezo upo. Ninachoogopa ni kitu kingine: kwetu, neno "kukabidhi" lina tabia ya kuishia kwa mtu mmoja. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nyumba za serikali ziliuzwa kwa watumishi waliokuwa wakikaa ndani yake, na baadaye watumishi wapya wakawa hawana pa kukaa. Viwanja vikubwa vya mpira vilivyojengwa enzi za chama kimoja, kama Kirumba pale Mwanza na Sokoine pale Mbeya, viko kwa chama hicho, CCM, mpaka leo, na hoja ya nani hasa alivijenga haiishi. Ghala letu nalo, siku likipata mwenyewe kwa haraka, mwenyewe huyo atakuwa ni mfanyabiashara anayejua mlango wa kuingilia, na wanakijiji wataamka wakute rangi mpya na mlinzi.

Ndiyo maana kifungu ambacho ningekiiba huku kwanza, kabla hata ya ile miezi 6, ni hiki: chombo kilichopewa mali kikivunjika, kilichobaki hakigawanywi kwa wanachama. Kinakwenda kwa chombo kingine cha jamii au cha hisani. Kikiandikwa hicho, mjanja anayetaka kuingia kwenye kamati ili siku moja auze kiwanja anakosa sababu ya kugombea.

Kuna ndugu kwenye kundi letu la WhatsApp la wanakijiji walio nje wanaopendekeza tuchange, tulinunue ghala, tuwe wamiliki, halafu tuwape kijiji walitumie. Nakataa, na nimewaambia. Mimi sinyeshewi na mvua ya kule. Hapa nilipo nina kura ukumbini kwa sababu naishi hapa, na kwa kipimo hichohicho sistahili kura kwenye ghala. Tuchange mabati, sawa. Tumlipe mwanasheria wa kufuatilia jalada, sawa kabisa, tena hilo lina faida kuliko mabati. Lakini hati isomeke jina la halmashauri ya kijiji, na anayeamua kama litakuwa kliniki, soko au ghala tena awe yule anayelala pale.

Wala hatuhitaji kusubiri Bunge litunge sheria kama ya Uskoti. Halmashauri ya wilaya inaweza kesho ikabandika ukutani orodha ya majengo yake yaliyofungwa, kijiji kwa kijiji. Haihitaji mfadhili, inahitaji karatasi na gundi. Diwani wetu aliniambia kwa simu kuwa orodha kama hiyo "italeta maneno". Ni kweli, ndiyo kazi yake.

Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kukaa kila miezi mitatu. Kwenye huo unaokuja, naomba mmoja wenu asimame kabla ya mengineyo, ambapo watu wameshaanza kuondoka, aulize ghala ni la nani kwa maandishi na nakala ya maandishi hayo iko ofisi gani. Swali na jibu viandikwe kwenye muhtasari, hata kama jibu ni kwamba hakuna anayejua, na nakala iliyogongwa mhuri iende kwa mkurugenzi wa wilaya. Nauli ya kuipeleka nitatuma mimi.