Ukarabati wa mtaa uanzie chini ya ardhi

Mtaa uliochakaa hauponi kwa rangi. Paka kuta, simika taa, panda miti. Maji taka yakiendelea kuchuruzika vichochoroni, misimu miwili ya mvua itaurudisha ulipokuwa.

Maji kwanza. Pimeni mwinuko wa kila kichochoro kabla hamjanunua bomba hata moja. Bomba la milimita 100 linalotoka chooni linataka mteremko wa sentimita 2.5 hivi kwa kila mita. Likilazwa karibu bapa, maji hupita, uchafu hubaki, na siku moja linaziba. Wekeni chemba, yaani shimo lenye mfuniko la kukagulia bomba, kila kona na kila mabomba yanapokutana, la sivyo fundi atavunja njia nzima akitafuta penye kuziba. Maji ya mvua yapewe mtaro wake: yakiingizwa kwenye bomba la choo, mvua kubwa moja tu inarudisha kinyesi ndani ya nyumba za bondeni. Lami ije baada ya hapo. Inauma sana kuona barabara mpya inakatwa kwa ajili ya bomba lililosahauliwa!

Huko Orangi, eneo la makazi duni mjini Karachi, Pakistan, kuanzia 1980, wakazi wa kila kichochoro walichanga na kulaza mabomba yao wenyewe. Mabomba makuu yakawa jukumu la serikali. Kwangu huo ndio mgawanyo wa haki, kwa sababu aliyechimba mtaro hatautupia taka.

Kubomoa kila kitu ni njia ninayoipinga. Pruitt-Igoe, mtaa wa nyumba za umma za kupangisha kule St. Louis nchini Marekani, ilikuwa na majengo 33 ya ghorofa 11. Matengenezo yalitegemea kodi za wapangaji. Wapangaji walipopungua, lifti zikafa, na mwaka 1972 serikali ikaanza kuyalipua.

Nyumba kongwe za matofali laini msizipige lipu ya saruji. Unyevu unaopanda kutoka chini hukosa pa kutokea, chumvi hujikusanya nyuma ya lipu, nayo hubanduka vipande vizima. Tumieni chokaa, kipimo 1 kwa mchanga 3. Penye ufa, gandisheni kipande cha kioo juu yake na muandike tarehe. Kikivunjika, msingi bado unatembea. Kuziba ufa huo ni kutupa pesa.

Na kabla sululu ya kwanza haijainuliwa, wapangaji wawe na maandishi mkononi: kodi itakuwa kiasi gani kazi ikiisha, na nani ana haki ya kurudi chumbani kwake.